Udongo Mweupe Alioutaja Mama

Tangu utoto wangu sijampa mtu kaa la moto. Hapa Kikula hilo ni jambo gumu, maana umeme ukikatika, na unakatika karibu kila siku, kila nyumba inawasha mbabula yake, lile jiko la makaa, na yule ambaye makala yake yamekwisha kushika moto anategemewa na majirani. Wananijia na kipande cha bati, na koleo, wengine na sufuria iliyotoboka. Ninawapa kiberiti. Ninawapa karatasi, hata makala mabichi wakawashie kwao. Kaa jekundu, hapana. Wanasema nina roho ngumu. Juma lililopita mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mlangoni kwangu, mvua ikimnyea, harufu ya majivu yaliyolowa ikaingia pamoja naye. Nilimwonyesha mbabula kwa kidole, nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka aondoke. Kama alichukua au hakuchukua, sikuangalia.

Ninyi mliokulia Shituru katika nyumba za kampuni mnajua zilivyokuwa. Vyumba viwili, jiko la nje, ua wa kutosha kuanika nguo na kufuga kuku watatu, na moshi wa kiwanda ulioacha ladha ya sarafu mdomoni kila upepo ulipogeuka. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Ndani ya nyumba ile yeye na mama hawakuwa na maneno mengi. Waliambiana kwamba chumvi imekwisha, kwamba mtoto anakohoa, kwamba bati la jiko linavuja. Wazazi wa wenzangu waligombana mpaka barabarani. Wa kwangu hawakugombana wala hawakucheka, nami nikadhani ndoa ndiyo hiyo, watu wawili wanaopishana mlangoni kwa heshima.

Ndoa yao ilikuwa porini. Jumamosi, kabla jua halijatoka, tulikuwa tumekwisha kuzipita nyumba za mwisho. Baba alisukuma baiskeli yenye gunia na pupu, ile bunduki inayotengenezwa na mafundi wa chuma wa mitaani. Mama alimbeba mdogo wangu Fidele mgongoni, nami nilishika upindo wa kitenge chake. Tulifuata barabara ya Kambove, kisha tukaiacha, tukaingia kwenye miti. Mara tu tulipoingia, mama alivua viatu akavifunga kiunoni. Baba yake alikuwa mwindaji upande wa Lufira na hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimfundisha yeye. Mama alijua kinyesi cha jana na cha leo kwa kukibonyeza kwa kidole. Alijua jani lililokatwa na meno na lililokatwa na upepo. Baba alikuwa na bunduki na mkono usiotetemeka. Macho yalikuwa ya mama.

Huko baba alimwita mama Mwalimu. Alisimama katikati ya miti, kofia nyuma ya kichwa, akamwuliza kwa sauti ya mwanafunzi mvivu, "Mwalimu, nyama iko wapi?"

"Iko nyuma yako, inakucheka."

Na baba alicheka, mtu ambaye nyumbani hata kukohoa alikohoa kwa kujizuia. Mchana waliketi migongo imeegemeana wakala mihogo ya kuchoma, miguu ya mama imejaa tope jekundu hadi kwenye vifundo, na mmoja alipoinama kuchukua chumvi mwingine aliyumba. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyosagwa, ya baruti, ya jasho la baba lililokuwa tofauti na jasho lake la kiwandani. Siku nyingine tulirudi na swala mdogo, siku nyingine na kanga wawili, mara nyingi na uyoga tu, na sikumbuki wakisikitika. Nilichojua ni kwamba nikitaka kuwaona wazazi wangu wakigusana, lazima ningoje Jumamosi.

Aliyeliharibu jambo hilo ni mwenzake baba wa kazini aliyeitwa Musonda, ingawa sidhani alikusudia. Alikuwa mtu wa mzaha, mwindaji naye, na alipenda munkoyo wa mama, ile pombe tamu ya mizizi ambayo watoto pia hupewa kikombe. Jioni moja alikaa uani kwetu na wanaume wengine watatu wa karakana, akamwuliza baba kama ni kweli kwamba katika pori lao anayevaa suruali hajulikani.

"Ndugu yangu," akasema, "siku moja bibi yako atakutuma kuchota mayi, na yeye njo atapiga nyama. Utarudi mu mutaa na ndoo kichwani."

Wakacheka. Baba naye alicheka. Mama alikuwa akimimina munkoyo, akaendelea kuumimina bila kumwaga hata tone. Lakini Jumamosi iliyofuata, alipokuwa akimfunga Fidele mgongoni, baba alimwambia abaki. Sababu alikuwa nayo, mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu Rosa. Rosa akazaliwa, akaanza kukaa, akaanza kutembea, na sababu haikuondoka. Baba sasa alikwenda na Musonda.

Ndipo zikaja sheria. Wengi wenu mnazijua. Mume akiwa porini na bunduki, moto aliouacha nyumbani ni wake. Mke asiuache uzime, asiutoe nje ya ua kumpa mtu, asigombane na majirani, na juu ya yote asimjue mwanaume mwingine, kwa maana akifanya hivyo nyama inakimbia, au inageuka na kumwua mwindaji. Wakubwa waliyasema mambo hayo yote kwa pumzi moja, moto na mwanaume, kama kitu kimoja. Mimi niliyekuwa na miaka minane nilisikia moto tu. Baba alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Weye njo mukubwa," akaniambia. "Uangalie ule moto. Moto ukitoka hapa, minye nitakufa kule."

Tangu siku hiyo niliona uzi wa moshi ukitoka kwenye mbabula yetu, ukipita juu ya mabati ya Shituru, juu ya miti, mpaka kiunoni mwa baba. Nilikaa karibu na moto huo Jumamosi nzima na Jumapili mpaka arudi. Wenzangu waliruka kamba nje, nami niliongeza makala.

Jumamosi moja ya mvua kubwa mama alikwenda kupanga foleni bombani, akawachukua Fidele na Rosa, mimi nikabaki na moto. Jirani yetu fundi viatu, mzee mjane mwenye kikohozi, alikuja mpaka kwenye jiko akiwa amejifunika gunia. Makala yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa ameniita mama mudogo tangu nilipoanza kutembea, na ni yeye aliyenishonea mkoba wangu wa shule.

"Mama mudogo," akasema, "nipe kamoto, hata kamoja tu."

Nikamchotea kwa koleo. Matone yalipoligusa lile kaa lilitoa sauti ya kuudhika, naye akaenda nalo mbio ameliinamia kama mtu aliyebeba kifaranga. Alipokwisha kupita kizuizi cha mabati ndipo nilipokumbuka. Nilimkimbilia. Nilimkuta amekwisha kuliweka chini ya makala yake, anapuliza, na mengine yameanza kuwa mekundu, wala sikuweza tena kujua letu ni lipi.

Baba alirudi Jumapili mikono mitupu. Ngiri alikuwa amewatokea kwa karibu, pupu ikakataa kulia, na yule ngiri akampitia Musonda akamchania suruali kutoka goti hadi paja. Juma lililofuata hakuna kitu. Lililofuata tena hakuna. Musonda akaacha mizaha. Nilimsikia akimwambia baba kwa sauti ya chini, huku akitazama upande wa jiko, kwamba pori halina matatizo, mwindaji anayerudi hivyo mara tatu aangalie nyumba yake. Mimi niliacha kula. Mama alidhani nina minyoo, akanipa dawa chungu, nikainywa yote kwa sababu niliona ninastahili.

Katikati ya majuma hayo, baba akiwa kazini, mama alinichukua kwenda kutafuta uyoga. Aliwaacha wadogo zangu kwa jirani. Nadhani alikuwa amechoka kukaa nyumbani tu. Tulikwenda mbali kuliko kawaida, tukapita shamba la zamani lililoachwa, tukazunguka kichuguu kikubwa kama nyumba, tukashuka kwenye korongo dogo ambalo sikuwahi kuliona. Chini yake udongo ulikuwa mweupe, umelambwa na wanyama mpaka ukawa na shimo kama bakuli. Mama alichuchumaa. Kisha akacheka peke yake. Akauchukua mkono wangu, akanitia vidole ndani ya alama ya kwato.

"Palahala," akasema, yule swala mkubwa wa pembe ndefu. "Dume, mweusi, mukubwa. Anakuya hapa kila siku jua likitoka. Anapenda hii chumvi sawa bibi wa mimba."

Tulirudi karibu tukikimbia, uyoga ukiruka kikapuni. Alimwambia baba pale pale mlangoni, kabla hata hajatua kikapu. Lakini Musonda alikuwa amekaa naye. Baba alitazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Sasa weye njo utanifundisha pori?" akamwambia. Musonda alijifanya anaangalia kitu kikombeni. Mama akaenda jikoni kusafisha uyoga, na habari ya palahala haikusemwa tena.

Siku chache baadaye baba alinikalisha uani, akaniuliza nani alikuja nyumbani alipokuwa porini. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama moto ulitoka. Nikasema haukutoka. Alinitazama sana, na nikaona kwamba ananiamini, nikafurahi. Imenichukua miaka mingi kuelewa nilichofanya hapo. Kama moto haukutoka, lilibaki lile jambo jingine, la mwanaume. Nilifunga mlango mdogo, nikamwacha mama amesimama mbele ya ule mkubwa.

Jumapili baada ya misa alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba, na Musonda akaitwa awe shahidi. Walimweka mama kwenye mkeka uani. Shangazi alimwambia kwa upole kabisa kwamba hakuna anayetaka kumpiga, wanataka jina tu, mwanamke akisema jina nyama inafunguka. Mama alisema hana jina. Walimwambia afikirie. Jumatano wakaja tena, akasema hana. Mimi nilijibanza nyuma ya pipa la maji nikingoja wauseme moto ili nitoke, lakini hawakuusema.

Kilichomshinda mama si shangazi. Ni mkono wa baba. Siku zile alikuwa akirudi kazini, anakaa na pupu magotini, anaisafisha, anaipima, anaiweka, anaichukua tena, na mkono ule ambao haukuwahi kutetemeka ulikuwa unatetemeka. Alikuwa amekwisha kuapa mbele ya Musonda kwamba Jumamosi ataingia porini peke yake, liwe liwalo. Mama alimtazama kutoka jikoni. Babu, baba yake mama, alikuwa na msemo, ambao baadaye nami nilimfundisha Fidele, kwamba mwindaji anayekwenda na woga amekwisha kuanza safari ya kurudi akiwa amebebwa.

Ijumaa alasiri, shangazi alipofika mara ya tatu, mama aliketi mkekani bila kuambiwa.

"Ninakubali," akasema.

Akasema ni mwanaume wa Kambove, mchimbaji, ambaye amekwisha kuvuka kwenda Zambia na hatarudi. Jina alilotaja sikulijua wala sikulisikia tena. Shangazi akauliza walikutana wapi. Angeweza kusema popote. Lakini mama alinyoosha mgongo, akaanza kueleza, na hakumtazama shangazi, alimtazama baba.

"Unapita lile shamba la zamani balishaachaka," akasema. "Kichuguu kikubwa unakiacha mukono wa kuume. Unashuka mu kakorongo. Kule chini udongo ni mweupe. Pale njo tulikuwa tunakutana. Asubuhi, jua likitoka." Akaongeza, "Asubuhi tu."

Nilikuwa nyuma ya pipa, na nilielewa kila kitu vibaya. Niliamini mama amegundua habari ya lile kaa. Niliamini ameichukua dhambi yangu na kuivika suruali ya mwanaume ili nisipigwe. Kuhusu mahali, nilidhani wakubwa wakidanganya wanafanya kama sisi shuleni, wanataja mahali pa karibu akilini. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, nami nikanyamaza ili nisiuharibu uongo wake.

Kuku alikuwa amekwisha kufungwa miguu, amelala karibu na mkeka. Kwa watu wa mama, kesi ya namna hiyo huishia kwenye kuku. Mke anasema, anatoa kuku, mume anampokea, anakwenda kuwinda, akirudi wanakula pamoja na neno halitajwi tena. Wanawake wa kwao walikuwa wamekiri hivyo tangu zamani, wengine kwa kweli, wengine kwa kuchoka, na jioni walipika kama kawaida. Mama alitegemea hilo. Lakini watu wa baba walitoka mbali, waliletwa huku na kazi, na kwao mke akikiri hakuna kuku. Anarudi kwao. Miaka kumi ya ndoa haikuwahi kuwapa sababu ya kuulizana jambo hilo. Shangazi alimtazama yule kuku kama mtu anayetazama mzigo uliosahauliwa na abiria. Baba alinyanyuka akaingia ndani.

Alfajiri aliondoka peke yake na baiskeli. Saa tatu hivi alirudi mbio kumchukua Musonda na mtu mwingine na visu. Mchana wakarudi na palahala, baiskeli mbili zikiyumba, ngozi nyeusi inang'aa, pembe zimepinda nyuma ndefu kuliko mimi. Mtaa wote ulitoka. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

"Mumeona?" aliwaambia watu. "Nyama haina uongo."

Musonda alisimulia mara tano, na kila mara alianza na mkeka na kumaliza na pembe: Ijumaa mwanamke alisema, Jumamosi mnyama alikuja kusimama kama mbuzi. Watu walitikisa vichwa. Walikula. Mama hakuruhusiwa kugusa nyama. Aliketi karibu na ukuta, yule kuku magotini mwake, na nakumbuka vizuri kwamba alikuwa anatabasamu kidogo, akimfuata baba kwa macho. Alikuwa anangoja aje amchukue kuku. Baba alipita mbele yake mara mbili, mara ya pili akiwa na ini kwenye sahani, akanipa mimi. Nilikula. Lilikuwa tamu. Sijala tena kitu kitamu vile.

Jumatatu shangazi alifunga nguo za mama katika kitenge kimoja. Nilishika sketi yake, nikasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia kwamba ni mimi niliyetoa moto, nilimpa fundi viatu, mama hakufanya kitu. Shangazi hakukasirika. Alinipapasa kichwa, akawaambia waliokuwepo kwamba mtoto huyu anampenda mama yake, na wakanihurumia. Mama alikuwa amekwisha kufika kwenye lango. Aligeuka. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari ya moto. Alirudi mpaka kwangu, akainama, mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Usirudilie kusema vile," akasema. "Batakufukuza na weye. Na ba Fidele batabaki na nani?"

Nikanyamaza. Nikabaki. Kila kitu nilichofanya baada ya hapo nimekifanya kwa neno hilo.

Mama alikufa kwao, katika msimu wa mvua wa pili baada ya kuondoka. Habari ililetwa na mjomba ambaye hakutaka kukaa wala kunywa maji. Shangazi alikuwa amekwisha kurudi kwake, na mimi nilikuwa nimekwisha kuacha shule katika darasa la tano, kwa sababu mtu anayepika bukari, ugali wetu, kufua, na kumwogesha mtoto hawezi kuwahi kengele. Mwalimu wa shule alikuja mara moja kuniulizia, akaona mikono yangu, hakurudi. Baba hakuoa tena. Pupu alimpa Musonda, na Jumamosi alilala mchana kutwa na uso wake ukutani. Watu walisema ni aibu ya kusalitiwa. Mimi pia nilisema hivyo, moyoni, na nilimchukia kidogo na kumwonea huruma sana.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikwenda uyoga na wasichana wa mtaa, nikapotea kidogo, nikajikuta kwenye ule udongo mweupe. Palikuwa na kwato mbichi. Nilikaa chini, na yale maneno ya mama ya mkekani yakanirudia moja baada ya jingine, shamba, kichuguu, mkono wa kuume, asubuhi, asubuhi tu. Hakuwa anakiri. Alikuwa anamwelekeza. Mume ambaye hakutaka tena kufundishwa pori na mke wake alikubali kuelekezwa na wivu wake, na mama alilijua hilo, akaiweka nyama ndani ya uzinzi ili baba aende kuitafuta. Alitaka mkono ule uache kutetemeka. Uliacha.

Niliwaambia wadogo zangu walipofikia umri wa kuelewa. Rosa hamkumbuki mama, alisikiliza kama anasikiliza habari za jirani. Fidele aliniuliza jambo moja, nyama ilitoka wapi. Nikamweleza tena, habari ya chumvi, ya kwato. Akasema, "Yaya," maana ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa, "mahali pa chumvi bantu pia banaweza kukutana." Shuleni walikuwa wamemwimbia mengi kuhusu mama yake, na alikuwa ameshajijengea namna ya kuishi nayo. Sikuwa na haki ya kumbomolea bila kuwa na kitu cha kumpa badala yake.

Baba alipoumwa mapafu nilimleta hapa Kikula, katika nyumba ambayo tulijenga mimi na Fidele tofali kwa tofali. Alikuwa amebaki mifupa. Kila baada ya saa chache nilimgeuza ili mgongo usioze. Nilikuwa ninajua kwamba akiondoka bila kujua, mama atabaki mzinzi milele, maana hakuna mwingine ambaye neno lake lingeweza kumsafisha. Shangazi alikuwa amekwisha kufa. Musonda bado alikuwa akisimulia.

Alasiri moja, Fidele akiwa kazini na Rosa sokoni, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamwambia yote. Kaa la moto. Fundi viatu. Uongo wangu wa uani. Uyoga, korongo, vidole vyangu ndani ya kwato. Nilisema polepole nisiruke kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atalia, au atanilaani, na vyote viwili nilikuwa nimevikubali. Alikuwa amelala uso ukutani, sikuona kitu ila sikio lake.

"Minye nilifika pale asubuhi," akasema mwishoni. "Nikasoma chini. Nyayo za mwanamuke na za mutoto. Za mwanaume, hapana. Hata moja."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikauliza tu ili muda upite. Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tokea siku ile. Kabla ya kupiga."

"Na haukusema, baba."

Alipumua mara nyingi. Kila pumzi ilikuwa na sauti ya karatasi.

"Nilisema nitasema baada ya kukula. Bantu bakakula. Bantu bakisha kukula, unasema nini?" Mkono wake ulisogea kwenye shuka, ukaacha. "Bangesema ni bibi tena njo alinionyesha nyama."

Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika, basi nikaingiza mikono yangu chini yake nikamgeuza, na uso wake ukawa upande wangu, macho yamefumbwa. Alikuwa mwepesi kama kikapu. Nikamfuta mdomo. Nikamlisha uji, vijiko sita.

Fidele aliporudi aliuliza baba ameshindaje. Nikamwambia ameongea. Akauliza ameongea nini, nikamweleza, neno kwa neno, hapo hapo mlangoni kabla hajavua viatu. Aliinama akafungua kamba ya kiatu kimoja, akaenda nacho mkononi mpaka kwenye kitanda, akamtazama baba, akarudi.

"Ni homa, yaya," akasema. "Homa inasemesha bantu mambo mingi."

Baba alikufa siku ya tatu na hakusema tena neno. Nimemwambia Fidele mara nyingi tangu wakati ule, na ananijibu hivyo hivyo, kwa upole. Lakini baba hakuwa na homa siku ile. Nilikuwa nimemgusa paji la uso asubuhi, na nilimgusa tena nilipomgeuza, na lilikuwa baridi.